Mtoto alidungwa sindano, sasa anamkimbia jaja (babu) yake sababu ya kanzu

mama_bombo: Jamani naombeni mawazo. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, mwezi uliopita alilazwa na malaria kadungwa sindano weee, musawo (daktari) mwenyewe mama mpole tu ila ndo anavaa koti jeupe. Tangu turudi akimuona jamaa wa bucha na koti lake anajificha kwenye leso yangu. Nikasema sawa, koti na koti. Sasa Ijumaa jaja yake katoka zake msikitini na kanzu nyeupe pee, mtoto akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka! Mzee kaumia, anasema nimemfundisha mtoto kumchukia. Imekuwaje?

miwa_tupu: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, dada. Mimi niligongwa na pikapu ya dizeli, hadi leo injini ikinguruma nyuma yangu naruka mtaroni, hata kama ni trekta la miwa linatambaa.

msomaji_mbale: Mwaka 1920 kule Baltimore, Marekani, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walimpa mtoto wa miezi 11, walimwita Albert, panya mweupe, kila akimgusa wanapiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Akaanza kumwogopa panya, baada ya siku chache na sungura, mbwa, koti la manyoya. Ukatili mtupu, na hawakumtibu ile hofu, tena ni mtoto mmoja tu kwa hiyo mimi siuegemei sana utafiti huo. Nawaamini zaidi njiwa wa watafiti Guttman na Kalish, 1956: walizoeshwa kudonoa taa ya rangi moja wapate nafaka, wakibadilishiwa rangi wanadonoa bado, ila kadiri rangi inavyokuwa mbali na ile ya kwanza ndo wanavyopunguza. Mzee ana kanzu ya rangi nyingine?

mama_bombo: Eeh nimejaribu! Ile ya rangi ya maziwa mtoto kanuna tu, hakulia. Ya kijivu kaenda mwenyewe kamvua jaja kofia 😂 Ila shati jeupe la shule la kaka yake halimshtui hata kidogo, hapo sielewi.

msomaji_mbale: Shati analiona kila asubuhi na hakuna sindano, ashajifunza kulitenga. Kanzu anaiona Ijumaa kwa Ijumaa, tena ni ndefu kama lile koti.

nyanya_wa_wanne: Msimlazimishe kupakatwa, banange, mtaharibu zaidi. Mwanasaikolojia Mary Cover Jones mwaka 1924 alikuwa na kijana mdogo Peter anaogopa sungura, akawa anampa chakula akipendacho huku sungura analetwa karibu kidogo kidogo, mwisho akamshika. Jaja akae mlangoni na kanzu yake nyeupe, mtoto anakula kabalagala (vile vikate vya ndizi), kesho asogee hatua mbili.

mama_bombo: Mzee kakubali, ila anauliza hizo kabalagala ananunua nani.