Naombeni ushauri: gemu za kutisha nazipenda ila ni mwoga wa kutupwa, juzi nimemwamsha mama mkwe

Kibarua wa Mbagala:

Wakuu habari za humu. Mnicheke mkishamaliza kunishauri, sio kabla.

Mimi ni mtu mzima, miaka 34, nina mke na mtoto, kazini naheshimika. Ila ni mwoga. Sio mwoga wa watu, ugomvi naweza na panya naua kwa ndala, nazungumzia kiza na vitu vya kushtukiza. Tangu utotoni bibi akianza hadithi za usiku mimi nilikuwa nawahi kulala katikati ya wenzangu ili kikija kitu kianze na wa pembeni.

Sasa shemeji yangu kasafiri kikazi kaniachia PS4 yake na CD kadhaa. Mpira nimecheza mpaka nimechoka, nikaona kuna Resident Evil 2, ile iliyotengenezwa upya ya 2019, nikasema ngoja nionje. Wakuu ile gemu ni tamu. Uko kwenye stesheni ya polisi kubwa, unatafuta funguo, unatafuta medali za kuweka kwenye sanamu, ramani inakuonesha chumba chekundu bado kuna kitu hujachukua na cha bluu umemaliza, na mimi kumaliza vyumba ndo ugonjwa wangu. Mazombi nilishaanza kuyazoea, napigilia mbao madirishani maisha yanaenda. Mpaka siku nilipozima moto kwenye ile helikopta iliyoanguka.

Aliyecheza anajua. Linatokea jitu refu lina koti na kofia, linasogeza ile helikopta kama mtu anafunua sufuria kuangalia wali, halafu linaanza kukufuata. Halikimbii. Linatembea tu. Unalisikia ghorofa ya juu du, du, du, unajificha, kimya, unafungua mlango kumbe lipo hapohapo mlangoni.

Ilikuwa saa sita na kitu usiku, nimevaa hedifoni, taa nimezima ili "nipate utamu". Nilipiga yowe wakuu. Pedi ya kuchezea ikaruka ikagonga kabati la vyombo. Na mama mkwe yupo nyumbani, kaja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Akatoka chumbani na mchi wa kinu mkononi, jirani naye anagonga geti anauliza wezi wangapi, mimi nimesimama sebuleni na bukta. Mnajua heshima ya mkwe, hata kukaa naye kochi moja naona haya, leo ananikuta hivyo. Asubuhi kwenye chai ananiambia kwa upole kabisa, "Baba, kama kuna jambo linakusumbua usiku usifiche, kwetu yupo mzee anasoma vizuri."

Kuacha sitaki, nataka kuimaliza kabla shemeji hajarudi. Mtu wa roho ndogo kama mimi anafanyaje? Nawasilisha.

Siti ya Mbele:

Nimetandika mkeka hapa. Mama mkwe na mchi wa kinu jamani.

Fundi Saundi:

Pole mkuu. Kosa la kwanza ni hedifoni na kiza kwa pamoja, hapo umejichongea mwenyewe. Uoga wa gemu unaingilia masikioni kuliko machoni. Fanya jaribio, rudi kwenye ile korido inayokutesa halafu zima sauti kabisa, utaona ni mdoli mwenye koti anatembea. Wanaotengeneza hizi gemu wanalijua hilo ndo maana wanakuachia kimya kirefu, mlango unalia mahali, kimya tena, hapo katikati hawajakuonesha chochote ila kichwa chako kishachora mambo saba.

Kwa hiyo cheza mchana, mapazia wazi, sauti itoke kwenye TV tena kwa chini. Halafu mwanzoni gemu inakwambia punguza mwanga wa picha mpaka ile alama isionekane vizuri, wewe usiwatii, pandisha mwanga juu. Korido ikiwaka hivyo inakuwa kama ya zahanati tu.

Dada wa Ziwani:

Fundi nakubaliana na wewe nusu. Mchana sawa, mwanga sawa. Ila sauti kwenye hii gemu ndo macho yako! Yule Mr. X, ndo hilo jitu lako la koti, ukisikiliza vizuri unajua kabisa yupo juu yako au yupo upande wa kushoto, ukizima utakutana naye uso kwa uso kila mlango na mama mkwe atarudi na kinu kizima. Shusha kidogo ila usizime.

Mimi ni mwoga kuliko wewe mleta uzi na nimemaliza kibao. Siri yangu ni kutaka kujua kile kitu kinafanyaje kazi. Gemu iliyonifundisha ni Alien: Isolation ya 2014, lile dude linakutafuta kituo kizima cha angani na bunduki haisaidii kitu. Mara ya kwanza nilijifungia kwenye kabati ndani ya gemu karibu robo saa, sitoki, nasubiri nini sijui. Nikaiacha miezi. Baadaye nikasoma jinsi walivyolitengeneza, kumbe lina kama akili mbili. Kuna moja inajua muda wote ulipo, hiyo kazi yake ni kulinong'oneza dude "hebu sogea upande ule", ila dude lenyewe halijui, linatumia macho na masikio kama wewe. Na ukishabanwa muda mrefu ile ya kwanza inaliita lirudi juu kwenye mabomba ili upumue. Nilivyojua hivyo nikaanza kuliona kama mtoto anayecheza kombolela na kuna mtu pembeni anamvujishia siri. Bado nilikuwa naogopa, ila nilikuwa naogopa kitu chenye mipaka.

Sasa wa kwako mipaka yake hii hapa. Vile vyumba vidogo vya kusevu vyenye taipureta na ule muziki wa taratibu haingii, simama humo kunywa maji. Ila ukumbi mkubwa wa mbele USIJIDANGANYE kwa sababu una taipureta, pale anaingia. Risasi haimuui pale stesheni, lakini ukimpiga za kutosha anapiga goti kwa muda na wewe unapita. Akisikia mlio wa bunduki anaufuata, kwa hiyo zombi mmoja ukiweza kumkwepa mkwepe. Na wale wasio na ngozi wanaotambaa ukutani hawaoni kabisa, wanasikia tu, tembea taratibu usikimbie.

Mzee wa Maombi:

Vijana mnafungua milango halafu hamjui kuifunga. Saa sita usiku mtu anakaa gizani anaita mizimu kwenye TV halafu anashangaa anapiga mayowe. Msikilize mama mkwe wako, anaona mbali.

Jogoo la Shamba:

Mzee wangu shikamoo, ila humo hamna mzimu. Kwenye stori yao kuna kampuni inayotengeneza dawa na vijidudu, ndo imeleta mazombi na hilo jitu. Ni maabara tupu.

Mzee wa Maombi:

Marahaba. Kampuni ya dawa ndo mbaya zaidi.

Msee wa Umoja:

Buda pole, lakini hiyo ya mother-in-law na mchi imenimaliza. Mimi nilikuwa muoga hivyo hivyo, kilichonisaidia ni mabeshte. Kuna gemu inaitwa Phasmophobia, ilitoka 2020 kwa komputa, mnaingia hadi watu wanne kwa nyumba kutafuta ni ghost ya aina gani, na ile ghost inaskia mkiongea kwa maiki. Usiku ya kwanza hakuna mtu alitaka kuingia, tulibaki kwa lori huko nje tukibishana nani ataenda kuwasha stima ya hiyo nyumba. Tulicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwa kibodi. Enyewe uoga ukiwa wa watu wanne unakuwa mdogo, kila mtu anabeba kidogo. So tafuta mtu akae na wewe, hata kama hachezi, awe tu hapo.

Hadikoo:

Mwanaume wa miaka 34 anaogopa katuni. Chezea Hardcore, ile ngazi ngumu, kama sisi uzoee, hiyo Assisted, ngazi rahisi watakayokushauri humu, ni ya watoto na wanawake.

Dada wa Ziwani:

Hadikoo mimi mwanamke na hiyo Hardcore nimemaliza na wahusika wote wawili, Claire na Leon, tena kwa kusevu kwa zile ribini za taipureta za kuhesabu. Wewe umefika wapi? Weka picha.

(Nimesubiri siku mbili, picha sijaiona.)

Kobe Tembea:

Mkuu usimsikilize huyo. Hiyo Assisted ipo kwa ajili ya watu kama sisi. Afya inajirudisha yenyewe kiasi, bunduki inakusaidia kulenga, maadui wanakuwa laini. Na uoga mwingi ukiuchunguza ni uoga wa kufa na kurudia ulipotoka, ukijua hutakufa kirahisi nusu ya hofu inaondoka. Watengenezaji wenyewe wanajua, kuna ile gemu inaitwa SOMA, ya chini ya bahari, ilitoka 2015, miaka 2 baadaye wakaiongezea namna ya kucheza ambayo madude hayakuui kabisa, unafuata stori yako kwa amani, na ile stori ilistahili. Grounded nayo, ile unakuwa mdogo kama mdudu, ina sehemu ya kurekebisha buibui, unaendelea kutoa miguu mpaka anabaki kama mpira. Mimi buibui sitaki hata kuwaona, nacheza na mipira yangu na hakuna polisi aliyekuja.

Nesi wa Zamu:

Naongezea upande wa mwili. Ule moyo kudunda na viganja kulowa ni mwili unajiandaa ukimbie, sasa wewe umekaa kwenye kochi huna pa kukimbilia, ndo maana unabaki unatetemeka hata baada ya kuzima. Usitoke kwenye gemu ukaenda kitandani moja kwa moja. Zima, osha vyombo, ongea na mkeo, mwili ushuke kwanza. Cheza vipande vifupi, nusu saa inatosha, na simama ukiwa kwenye hicho chumba cha kusevu, sio katikati ya kukimbizwa, maana ukizima ukiwa unakimbizwa kichwani unaendelea kukimbizwa. Ukianza kuiota mfululizo ipumzishe wiki. Mwenye shida ya moyo asijaribu.

Na mtoto asiwepo sebuleni. Hiyo gemu ina alama ya 18 kwenye kava, haikuwekwa kama pambo.

Kibarua wa Mbagala:

Asanteni wakuu, naleta mrejesho. Jana Jumamosi mchana nimefanya yote, mapazia wazi, mwanga juu, Assisted, sauti nusu kwa nusu kati ya Fundi na Dada. Nimekaa dakika 40. Nimeshtuka mara tatu ila yowe hamna, ni ile "heh!" tu ya mtu aliyekanyaga maji. Kweli haingii kwenye chumba cha taipureta, nilimsikia anapita nje nikawa namtukana taratibu.

Tatizo limebaki moja, nikishamsikia siwezi kutoka. Nimekaa mle chumbani muda wa kuchemsha maharage.

Dada wa Ziwani:

Hesabu hatua zake zikiwa zinafifia, zikififia toka, usisubiri kimya kabisa maana kimya kinakutisha zaidi. Na ukitoka uwe umeshaamua unaenda mlango gani.

Siti ya Mbele:

Muda wa kuchemsha maharage 😂 ya kulowekwa au makavu?

Kibarua wa Mbagala:

Makavu.

Wakuu mrejesho mwingine, huu hamtauamini. Leo nacheza mchana, mke kaenda sokoni na mtoto, mama mkwe akatoka na ungo wake akakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikataka kuzima kwa heshima, akasema "Endelea tu baba, nami nione huyo anayekutoa mayowe." Nikaendelea huku naona haya. Jitu likatokea. Mama akaliangalia, akaangalia TV vizuri, akaniuliza, "Ndo huyu?" Nikasema ndo huyu mama. Akasema, "Sasa mbona wakimbia, si atembea tu? Mpishe apite zake."

Nikampisha. Nimezunguka meza, kapita upande wa pili, mimi huyo nimetoka. Wiki nzima ile korido imenishinda, nimeivuka kwa sababu ya mtu anachambua mchele.

Tangu hapo kawa ndo dereva. Mimi nashika pedi yeye anasikiliza, "yuko juu", "aja", "kaondoka huyo toka", na mikono haiachi ungo. Akishtuka anasema "Allah!" halafu anacheka, na mimi nikisikia anacheka moyo unatulia. Stesheni tumeimaliza. Saa hizi tuko chini kwenye mifereji ya maji taka, yule jamaa huku sijamsikia ila kuna limamba likubwa limetufukuza kwenye maji, mama anasema kumbe na mamba mnao, akaitwa na mjukuu akaniambia nisiendelee mpaka arudi.

Tatizo jipya ndo hili, Alhamisi anarudi Tanga na gemu bado. Mke hataki hata kuiona. Nifanyeje?

Fundi Saundi:

Mpigie video umuweke juu ya kabati la vyombo akiangalia TV.

Msee wa Umoja:

Si nilisema ni mtu wa kukaa na wewe tu 😂 lakini sikujua atakuwa ni huyo.

Mzee wa Maombi:

Huyo mama nampa heshima zake. Ila mchana tu, usiku hapana.

Siti ya Mbele:

Nauli ya basi la Tanga tuchange humuhumu abaki mpaka Jumapili ijayo. Nani anaanza?