Wakuu, wafanyakazi wanaiondoa programu ya ulinzi kwenye simu zao. Nifanyeje?

Mtunza Funguo:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kusimamia simu za wafanyakazi.

Niko kitengo cha TEHAMA, mimi na msaidizi mmoja, kwenye kampuni yenye wafanyakazi wapatao 80. Watu wa mauzo na madereva wana simu za kampuni, zote za Android. Waliobaki wanasoma baruapepe za kazi na kufungua mafaili ya wateja kwenye simu zao wenyewe, na humo utakuta Android za kila aina na iPhone kadhaa. Uongozi ulilipia leseni za programu ya ulinzi ukaagiza iwekwe kwenye kila simu inayogusa kazi, iwe ya kampuni au ya mtu binafsi.

Kuiweka hakukuwa na taabu. Taabu ni kuifanya ibaki. Nikifungua dashibodi naona simu nyingi zimeandikwa "haijawasiliana". Kuna walioiondoa, kuna wanaolalamika inamaliza chaji, na kuna walioiacha lakini wakainyima ruhusa zote. Kinachoniumiza zaidi ni minong'ono kwamba tunasoma meseji na kuangalia picha za watu. Hatufanyi hivyo hata kidogo, ila nikisema siaminiki. Tena kwa upande wa iPhone ripoti yenyewe ni kama tupu, haionyeshi programu gani zimekaguliwa.

Nilazimishe? Simu binafsi nizisimamie vipi bila kuingilia maisha ya mtu? Na mtu akiacha kazi, nikitoa amri ya kufuta, picha za wanawe zitapona? Natanguliza shukrani.

Kamba Ngumu:
Mkuu, lazimisha. Data ni ya kampuni, mteja akiibiwa taarifa zake atakayeitwa kujibu ni wewe. Kwetu asiye na programu ya ulinzi hapati baruapepe, basi. Sajili simu zote kwenye mfumo wa usimamizi, ule wa kuzipa simu amri na masharti kutoka mbali, uzidhibiti kikamilifu, aliyenuna ataizoea.

Mzee wa Seva:
Kamba Ngumu, hoja ya kufunga baruapepe nakuunga mkono. Hiyo ya kudhibiti simu zote kikamilifu naipinga kwa nguvu zangu zote. Simu ya mtu ina vipimo vyake vya hospitali, mazungumzo na mwenzake, akiba yake. Kampuni haijanunua vitu hivyo.

Mtunza Funguo, gawa kazi kwa kuangalia simu ni mali ya nani. Za kampuni zisajiliwe pale zinapowashwa mara ya kwanza, kabla hazijawekewa kitu. Zikisajiliwa hivyo, programu ya ulinzi inashuka yenyewe, mtumiaji hawezi kuiondoa, na simu ikiibiwa unaweza kuifuta yote. Zile ambazo tayari ziko mikononi mwa watu itabidi uzirudishe katika hali ya kiwandani kwanza. Ni usumbufu wa mara moja.

Kwa Android binafsi tumia wasifu wa kazini, yaani sehemu ya kazi iliyotengwa ndani ya simu ileile. Upo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014. Programu za kazi zinakaa upande wake na alama ya mkoba kwenye ikoni. Wewe msimamizi unaona yaliyo ndani ya wasifu huo pekee. Picha, meseji na programu za upande wa pili huzioni hata ukitaka. Mwenye simu anaweza kuusimamisha wasifu mwishoni mwa wiki akapumzika. Ukitoa amri ya kufuta, unaondoka wasifu tu na vilivyomo, kwa hiyo picha za watoto zinabaki salama.

Kwa iPhone binafsi kuna usajili wa mtumiaji, ulioanza na iOS 13, mfumo endeshi wa iPhone, mwaka 2019. Data ya kazi hukaa kwenye sehemu yake ya hifadhi, chini ya akaunti ya Apple inayosimamiwa na kampuni. Huwezi kufuta simu nzima, huoni orodha ya programu binafsi, hata namba ya IMEI hupewi. Apple wamekunyima makusudi, na ni vizuri wafanyakazi walijue hilo.

Kamba Ngumu:
Mzee, programu ya ulinzi ikikaa ndani ya wasifu wa kazini inaona upande huo tu. Mtu akipakua takataka upande wake binafsi utajuaje?

Mzee wa Seva:
Swali la haki kabisa. Sitajua kila kitu, na nimekubali hivyo. Lakini sijaachwa mikono mitupu. Kuanzia Android 10, sera ya wasifu wa kazini inaweza kuzuia usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana kwenye simu nzima. Unaweza pia kudai kufuli imara ya skrini kwa simu nzima. Play Protect, kikaguzi cha programu cha Google kilichomo kwenye simu, nayo inakagua pande zote mbili. Ukijumlisha na ukweli kwamba programu ya upande binafsi haifikii mafaili ya wasifu wa kazini, umeziba sehemu kubwa bila kumchungulia mtu.

Jicho la iOS:
Naongezea kuhusu ripoti tupu za iPhone. Programu yako haijaharibika. Kwenye iOS kila programu imefungiwa eneo lake na hairuhusiwi kusoma mafaili ya nyingine, kwa hiyo antivirasi ya kukagua simu nzima kama tulivyozoea kwenye kompyuta haipo, hata mwenye duka akuambie ipo. Inachoweza kufanya ni kuangalia toleo la iOS, kutambua simu iliyovunjwa kinga ya Apple, kuzuia viungo vya utapeli, na kutahadharisha kuhusu Wi-Fi inayotiliwa shaka. Vitu hivyo vina thamani, hasa viungo, maana mtu akidanganywa akaandika nywila yake kwenye ukurasa bandia, aina ya simu haitamsaidia. Pima programu yako kwa hayo, na uongozi uelezwe hivyo kabla haujauliza kwa nini safu ya virusi ina sifuri.

Binti wa Mahesabu:
Samahanini kaka zangu, mimi si mtu wa TEHAMA, niko uhasibu, na ni mmoja wa hao wanaoondoa. Wacha niwaeleze inavyoonekana kwa upande wetu.

Kijana alikuja mezani, akachukua simu, akabonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu". Nikaona imeomba mahali nilipo, mafaili yangu, na ile ruhusa ya ufikivu inayoweza kusoma kilicho kwenye skrini. Nikauliza ya nini, nikajibiwa "ni ya usalama tu". Sasa mtu mzima anayehangaika na maisha yake atakubalije hapo? Mimi ninazitaka data za wateja ziwe salama, ni majina na malipo ninayoyashika kila siku. Nisichotaka ni kufuatwa hadi nyumbani.

Tupeni ukurasa mmoja wa karatasi. Mnaona nini, hamwoni nini, nani anayeona, na simu ikipotea nani anaamua kufuta. Msiandike yale msiyoyaona peke yake. Andikeni na mnayoyaona, hata kama hayapendezi, kwa sababu tukija kuyagundua wenyewe ndipo imani inapoisha.

Mtunza Funguo:
Dada, nimekuelewa na nashukuru sana kwa uwazi. Nitaandika hilo la ruhusa, moja moja na sababu yake. Ya ufikivu kwetu inatumika kusoma anwani za kurasa kwenye kivinjari ili kuzuia za kitapeli. Kwenye simu binafsi nitaiondoa kabisa, na ya mahali vilevile.

Wakuu, hili la chaji na "haijawasiliana" mnalitatuaje?

Fundi Mawimbi:
Mkuu, usidhani kila "haijawasiliana" imeondolewa. Tangu Android 6.0 ya 2015 mfumo unalaza programu simu ikitulia, na watengenezaji wengi wameongeza vibana matumizi vyao vikali zaidi vinavyoua chochote kinachofanya kazi nyuma. Kwenye simu za kampuni iondoe programu ya ulinzi kwenye udhibiti wa betri kupitia sera. Kwenye binafsi muelekeze mtu abonyeze mwenyewe.

Angalia pia VPN, ile njia ya siri ya kupitishia mtandao wa simu. Programu nyingi za ulinzi huchuja mtandao kwa kujifanya VPN ndani ya simu, na Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja katika kila wasifu. Kama watu wa mauzo wana VPN ya kampuni, hizo mbili zinapokonyana: moja ikiwashwa nyingine inakatika, mtumiaji anaona mtandao unakufa, anaondoa ile asiyoijua. Chagua uchujaji ukae wapi, kwenye programu au kwenye VPN ya kampuni.

Mzee wa Seva:
Nirudi kwenye kulazimisha, maana Kamba Ngumu ana haki yake hapo. Usimkimbize mtu na simu yake, funga mlango wa baruapepe na mafaili. Mfumo uulize kabla ya kuruhusu: wasifu wa kazini upo? skrini ina kufuli? viraka, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama, ni vya karibuni? Jibu likiwa hapana, mtu apewe maelezo ya kurekebisha na siku chache za neema. Asiyetaka kabisa atumie kompyuta ya ofisini, asinuniwe.

Mtu akiacha kazi, anza na akaunti: ifunge, kata vikao vyote vilivyo wazi, ndipo utume amri ya kufuta. Amri haifiki kwenye simu iliyozimwa data, itasubiri hadi iunganishwe.

Na tafadhali linda seva ya usimamizi, kompyuta inayotoa amri kwa simu zote, kuliko simu yoyote. Julai 2023 wizara 12 za Norway ziliingiliwa kupitia udhaifu kwenye Endpoint Manager Mobile ya kampuni ya Ivanti, ambao nao ni mfumo wa kusimamia simu. Anayeishika seva hiyo anashika simu zote. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila msimamizi, na viraka siku vinapotoka.

Jicho la iOS:
Cheti cha Apple cha kutuma amri kwa iPhone huisha kila mwaka. Kihuishe kwa akaunti ileile iliyokitengeneza. Ukitengeneza kipya utazisajili iPhone zote upya. Kwa hiyo akaunti iwe ya kitengo, isiwe ya mtu atakayehama.

Mtunza Funguo:
Hilo la akaunti nalishughulikia leo. Nimezungumza na uongozi: karatasi ya maelezo itatoka kwanza, kisha tutaanza na uhasibu kwa wasifu wa kazini, simu za kampuni zifuate. La mwisho: kuna wenye Android za zamani ambazo hazipati tena viraka. Niwakatalie?

Mzee wa Seva:
Google hutoa taarifa ya viraka vya Android kila mwezi tangu 2015, kwa hiyo tarehe ya kiraka ndiyo kipimo chako. Sisi tumeweka miezi mitatu kama ukomo, baada ya hapo baruapepe inafungwa. Ila usimwambie mtu akanunue simu mpya kwa ajili ya kazi. Kama kazi yake inahitaji simu, ombi hilo lipelekwe kwa uongozi, na liende likiwa na jina la kitengo chako, si la mfanyakazi.