Mthamini, mtu wa GIS au afisa uhusiano: kazi za ardhi kwenye bomba, ipi ina maisha?

Kijana_Ardhi: Wakuu, habari za majukumu. Nimemaliza uthamini pale Chuo Kikuu Ardhi. Milango ni mitatu: ofisi ya wathamini inayosubiri tenda za fidia, GIS (ramani za kompyuta) kwa mkandarasi wa bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga, au uafisa uhusiano wa jamii hukohuko. Nishaurini.

Mzee_wa_Kamba: Dogo, mimi nilitembea njia ya bomba la gesi la Mtwara hadi Dar kabla halijazinduliwa 2015. Kamba, daftari, mikorosho tunahesabu mmoja mmoja, usiku fomu zinajazwa kwa tochi. Posho ya kulala nje ilijenga nyumba za watu! Ilipokuja njia ya Hoima–Tanga, vijana wana tableti. Mwenye shamba anashika kibao cha namba, anapigwa picha, GPS imeshamaliza. Timu ya wanane ikabaki watatu.

BintiSingida: Hapo ndipo penyewe. Upande wetu wa Tanzania bomba lina km 1,147, ukanda wa mita 30. Wenye mashamba yaliyoguswa wakishalipwa, mthamini anafunga begi. Ukanda haufungwi: mtu atapanda mtama, mwingine atachimba kisima. Nani ataonyesha mpaka? GIS.

Buti_Chafu: GIS haioni kila kitu, dada. Kijiji kimoja ramani ilionyesha rundo la mawe. Mama mwenye shamba kagoma kusaini, haongei. Nikakaa naye chini ya mwembe tangu asubuhi, mpaka akatamka: pale kalala mkwe wake. Lilikuwa kaburi. Kuhamisha kaburi kuna utaratibu wake, na fidia yake. Drone iliruka juu yake mara ngapi sijui.

Muhuri: Mnambeza mthamini bure. Kwa sheria ya uthamini ya 2016 huwezi kusaini ripoti bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, na ripoti ya fidia uhai wake ni miaka 2. Mradi ukisuasua, anayerudi shambani kuthamini upya ni nani? Dogo, usajili kwanza. Programu utajifunza usiku.

Kijana_Ardhi: Asanteni. Mkataba wa GIS ni miezi sita sita, wa uhusiano mwaka mzima. Ila mama anataka GIS, kasikia kuna kiyoyozi.

Mzee_wa_Kamba: Hahaha! Mwambie mama kiyoyozi kiko Dar. Wewe nunua buti.