Naomba ushauri: nyati wa porini au wa ranchi?
Wakuu, naishi Utah, Marekani, na kwa miaka sita nimeomba bila mafanikio kibali cha kuwinda nyati wa Marekani katika milima ya Henry, ambako kundi lililoletwa kutoka hifadhi ya Yellowstone mwaka 1941 linazurura bila uzio, na kibali chenyewe hutolewa kwa bahati nasibu, mara moja tu maishani. Sasa ranchi moja inayofuga nyati hao inataka nilipe dola 4,500 ili niwinde mmoja wao, nyama na ngozi vikiwa vyangu. Nilipoitembelea, dume mmoja alilisogelea gari akidhani tumemletea majani. Kumpiga risasi mnyama wa namna hiyo naona ni kuchinja kwa bei ghali, ingawa mke wangu anasema nyama ni nyama. Je, mliowinda kwa njia zote mbili, nilipe au niendelee kusubiri?