Risiva imeganda kwenye "boot" baada ya umeme kukatika katikati ya apdeti. Niko Nansio

Mtoto_wa_Ukerewe
Wakuu, habari za jioni. Risiva ya dishi la futi 6 nyumbani kwa wazazi, hizi za chaneli za bure, ilikuwa inaapdetiwa kwa flashi, umeme ukakatika kabla haijafika nusu. Uliporudi, kioo cha mbele kinaandika "boot" na kuganda. Rimoti haijibu, TV haioneshi kitu. Faili lilikuwa la modeli ileile, nililihakiki. Fundi wa hapa anasema ubao umekufa, ninunue nyingine. Mzee hakosi taarifa ya habari ya saa mbili, sasa nyumba imepooza. Kuna namna?

Fundi_Nyakato
Usinunue kwanza. Ubao uliokufa kwa kawaida hauandiki kitu. Mwanzoni mwa chipu ya kumbukumbu kuna kipande kidogo cha kuiamsha prosesa, halafu ndiyo inafuata programu yenyewe. Apdeti nyingi za flashi hazikigusi kile kipande. Kama kimepona, risiva inafufuka bila kung'oa chochote. Nyuma ina tundu la RS232, lile la kuunganisha kompyuta kwa waya?

Mtoto_wa_Ukerewe
Haina mkuu. Kuna HDMI, USB na AV tu. Waya wake unaingia moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Fundi_Nyakato
Basi itabidi uifungue, na hapo nakuomba uwe makini sana. Chomoa kabisa, usiguse upande wa pawa: ile kapasita kubwa hubeba volti 300 na ushee, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Karibu na prosesa tafuta vitobo vinne kwenye mstari mmoja: TX (kutuma data), RX (kupokea), GND (ardhi) na VCC (umeme). Nunua adapta ya USB kwenda TTL ya volti 3.3, ndiyo itaunganisha laptop na vitobo hivyo. Waya wa RS232 wa kawaida usiuchomeke hapo, volti zake zitaiua prosesa. TX ya adapta iende RX ya ubao, RX iende TX, GND kwa GND. VCC iache. Kwenye laptop weka kasi 115200, biti 8, bila pariti, stopu 1. Fungua programu ya kusoma kwanza, ndipo uwashe risiva. Yakitoka maandishi, kipande cha mwanzo kiko hai.

DadaWaIgoma
Kaka, kabla hujatafuta dampu, yaani nakala ya kila kilichomo kwenye chipu ya risiva nyingine, soma maandishi ya juu ya chipu ya kumbukumbu. Risiva mbili zenye jina moja na kava moja zinaweza kuwa na prosesa tofauti kabisa. 25Q32 ni megabaiti 4, 25Q64 ni megabaiti 8. Chipu na prosesa vyote viwiane, la sivyo usilodi.

Kirumba_Elektroniki
Na yasipotoka maandishi, ndipo uitafute programa ya CH341A, kile kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu moja kwa moja, na kibanio cha miguu 8. Zile nyeusi nyingi hutoa volti 5 kwenye njia za data wakati chipu ni ya 3.3, kwa hiyo pima kwa testa kwanza. Kabla ya kufuta chochote, soma kilichomo mara mbili, linganisha, hifadhi. Hata kikiwa kimeharibika, namba ya risiva yako inaweza kuwa mle na dampu la mtu mwingine halitakuwa nayo.

Mtoto_wa_Ukerewe
Asanteni sana. Adapta imefika na meli kutoka mjini. Maandishi yametoka! Mstari wa mwisho unasema CRC error. Prosesa ni ALi, chipu 25Q32.

Fundi_Nyakato
Safi sana! Maana yake imeamka, ikakagua programu, ikaikuta haijakamilika. Tumia loda (programu ya laptop ya kupakia dampu) ya ALi; ya prosesa nyingine kama Sunplus au GX haitaitambua.

DadaWaIgoma
Risiva ya aina hiyohiyo ninayo, ALi na 25Q32. Kesho nasoma dampu lake nakutumia. Kwa kasi ya 115200 megabaiti 4 zinachukua kama dakika sita, na umeme ukikatika tena wakati kipande cha mwanzo kinaandikwa, utaishia kwenye programa ya CH341A. Nyumbani kuna sola?

Mtoto_wa_Ukerewe
Ipo dada, ya betri na inveta, tunawashia taa.

DadaWaIgoma
Risiva ichomeke huko, laptop iwe na chaji kamili, ndipo uanze.