Naomba ushauri: mwekezaji anataka nusu ya kampuni

Habari zenu wadau. Niko Kisumu. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya kuwasaidia akina mama wauza samaki pale Dunga kuweka hesabu zao. Mama anachukua mbuta na ngege alfajiri, sehemu analipa kwa M-Pesa, sehemu anakopa kwa mwenye mashua, kisha deni analiandika kwenye daftari ambalo kurasa zimeshagandana kwa maji. Sisi tunamwekea rekodi hiyo kwenye simu. Wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, kwa hiyo tunatumia USSD (mtu anapiga namba fupi ya nyota na reli, menyu inatokea), si intaneti, na hapo ndipo pesa zetu zinapoishia: ile namba inalipiwa kila mwezi, watu waitumie wasiitumie.

Sasa amejitokeza mtu wa kutupa mtaji. Anataka nusu ya hisa, na tuhamie Nairobi. Mwenzangu yuko tayari. Mimi sitaki; wateja wako hapa ziwani, na naamini kabisa kampuni kubwa inaweza kukulia Kisumu.

Kampuni bado hatujaisajili. Najua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatugusa, maana tunahifadhi madeni ya watu.

Mliopitia haya, nusu ya hisa mapema hivi si nyingi mno? Na mimi na mwenzangu tuandikiane nini kabla hatujaketi na huyo mwekezaji? Wakili anayeyaelewa mambo haya huku kwetu hutoza kama kiasi gani? Tunakutana naye wiki ijayo, nitashukuru mkinijibu kabla ya hapo.