Nataka saini ikae juu ya picha bila kisanduku cheupe, nisaidieni

Mtu wa Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Nimekwama tangu juzi na usingizi sina. Nina GIMP, ile programu ya kuhariri picha, kwenye laptop, nimetengeneza picha ndefu ya pikseli 1200 kwa 400, kushoto kuna picha ya mtu, kulia jina lake, na chini ya jina nataka ikae saini ya kalamu ambayo nimeipiga picha kwa simu kutoka kwenye karatasi. Shida nikiibandika inakuja na karatasi yake, yani kisanduku cheupe chenye ukijivu kinafunika mpaka kidevu. Nimejaribu kufuta kwa kifutio nikaishia kula saini yenyewe. Mtu wa tisheti anataka faili Ijumaa asubuhi na hela ameshachukua. Naombeni njia ya haraka.

Mama Shuu:
Mdogo wangu unajitesa bure, weka Canva kwenye simu, mimi kadi zote za kitchen party natengenezea humo.

leya_saba:
Canva ya bure haiondoi bakigraundi, kile kitufe ni cha kulipia. Baki na GIMP. Kwanza, saini umeisevu kama nini? Kama ni JPEG hata ukiikata vizuri, ukisevu tena JPEG weupe unarudi, JPEG haijui uwazi. Mwishoni toa PNG, hiyo inashika uwazi, na kazi yenyewe isevu XCF, faili ya GIMP, ili leya zako (matabaka ya picha) zisipotee. Pili, pikseli 1200 kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi ni kama sentimita 10 tu. Unaweka kifuani au mfukoni?

Mtu wa Chumbageni:
Kifuani, upana kama sentimita 25. Kumbe itapasuka?

leya_saba:
Itakuwa na ukungu. Anza upya na pikseli kama 2950.

Dereva wa Noah:
Mimi mwaka juzi tulichapisha bango la harusi ya shemeji yangu, bwana harusi akatokea na kisanduku cheupe kichwani kama kavaa friji, na bango lishaning'inizwa ukumbini. Mpaka leo ukoo mzima wanamuita Friji. Kagueni kazi zenu kabla ya kulipa.

Binti Saada:
Samahani kaka, kuna kitu sielewi. Kama saini ni yako, si usaini upya kwa kalamu nzito kwenye karatasi safi, upige picha kivulini karibu na dirisha, yaishe? Kwanini unahangaika na karatasi hiyo hiyo?

Mtu wa Chumbageni:
Siyo yangu. Ni ya mama. Alitutoka mwezi uliopita, hizo tisheti ni za arobaini yake, 24, wajukuu na majirani. Sikutaka kulileta hapa maana nimekuja kuuliza habari ya GIMP tu. Na kuna muhuri wa bluu umepita juu ya mkia wa herufi ya mwisho, nao sijui nautoaje.

Mama Shuu:
Pole sana mwanangu, Mungu amlaze mahali pema. Ila tisheti za msiba mimi sizipendi, hela hiyo mngelipia watu chakula.

Binti Saada:
Pole sana. Lakini muhuri unatoka wapi? Hiyo ni karatasi gani?

Mtu wa Chumbageni:
Karatasi ya mauziano ya kiwanja. Anayo kaka mkubwa. Nilimkuta ametoka, nikaitoa kabatini nikaipiga picha nikairudisha. Sijaiba chochote, na picha nimeshapiga, sasa mnataka niifute?

Wakili wa Mtaani:
Hapo ndipo penyewe. Saini ya marehemu, safi, bila muhuri, kwenye faili ya PNG, na mirathi haijafunguliwa? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333, kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Tisheti siyo nyaraka, sawa. Ila kaka yako akiikuta faili hiyo kwenye laptop yako wakati mnagombea kiwanja, utaanzia wapi kujieleza? Nendeni Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi, hayo ya tisheti baadae.

Mtu wa Chumbageni:
Hakuna anayegombea kiwanja. Mnanihukumu kwa jambo dogo.

Chuma cha Reli:
Wakuu hii ni chai. Ilianza "picha ya mtu", ikawa mama, sasa hati ya kiwanja, kesho mtaambiwa kiwanja kina dhahabu. Na marehemu ana saini moja tu dunia nzima? Benki hakusaini? Kikoba hakusaini?

Mtu wa Chumbageni:
Benki hakuwa nayo, kikoba alikuwa anaandikiwa na mweka hazina. Kila mahali alikuwa anaweka dole. Siku ya kiwanja nilikuwepo, mjumbe akamsogezea kidau cha wino, mama akakataa, akasema leo nipeni kalamu. Akaandika jina lake zima, ilimchukua muda mpaka muuzaji akaanza kuangalia saa. Herufi mbili za kwanza kalamu ilikataa, akarudia juu yake, ukiangalia karibu utaona mstari mkavu pembeni ya mstari wenye wino. Niite muongo, lakini nataka huo mstari mkavu ubaki.

Babu Kisomo:
Mwanangu nimekuelewa. Mwalimu alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama yangu akaenda kisomo jioni na mtoto mgongoni. Jina lake aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Nyumba tulibomoa, ule mlango ninao.

Chuma cha Reli:
Sawa mkuu, nimerudisha maneno yangu. Pole.

leya_saba:
Kama unataka mstari mkavu usitumie kile kifimbo cha kuchagua rangi, kitaukata. Saini ni kalamu nyeusi? Basi ingia Colors, Components, Decompose, chagua RGB. Zitatoka leya tatu, chukua ya bluu, humo muhuri wa bluu unafifia na wino mweusi unabaki. Rudisha Mode kuwa RGB. Halafu Levels, kile kipembe cheupe kivute kushoto taratibu, karatasi ikianza kuwa nyeupe simama, ukizidisha mstari mkavu umeondoka. Malizia Color to Alpha, rangi nyeupe, hiyo inageuza weupe kuwa uwazi. Na Binti Saada na Wakili wana hoja: mpe kaka yako taarifa kabla ya Ijumaa.

Mtu wa Chumbageni:
Imekubali. Mstari mkavu upo, mwembamba kama unywele, muhuri umebaki kivuli kidogo nimeuacha. Nimemtumia kaka kwa WhatsApp kama dokumenti isiharibike, nikamuandikia nilipoitoa. Amejibu sasa hivi: "Hiyo karatasi uliipiga picha lini?" Tisheti nimemwambia jamaa asubiri. Nampigia kaka.

njugu_mawe:
Wakuu hiyo GIMP inaingia kwenye simu?